Mishono ya Mpwa Wangu

Wakati wa Wadachi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza upande wetu wa mlima kurudi kutoka pwani na cheti cha utabibu. Hakuna aliyenisomesha. Nilianza kwa kufagia wodi, nikaishia kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi, na cheti changu kilikuwa na mhuri wa tai. Nilipopangiwa hospitali ya boma la Arusha nilivaa viatu kila siku, hata siku za matope, na niliochunga nao zamani walikuwa wakisimama kando ya njia kunitazama. Nasema haya kwa sababu ni kweli.

Dada yangu aliletwa kwa machela kutoka Kikatiti, mwanawe mchanga kifuani. Mtoto alizaliwa matumbo yakiwa nje. Yalitokea kitovuni, ndani ya utando mwembamba unaoonyesha kila kitu, na wanawake walikuwa wameyafunika kwa jani la mgomba lililolainishwa motoni.

"Kaka, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Yarudishe ndani."

"Yupo daktari."

"Daktari simjui. Nakujua wewe, hata ukijificha ndani ya hilo koti."

Niliona kama anasema na mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Daktari Mdachi hakuwa mtu wa kukatizwa. Aliupasua utando, akaongeza upana wa tundu la kitovuni, akaanza kuyasukuma matumbo kwa vidole. Tumbo lile halikuwahi kuyabeba, halikuwa na nafasi. Aliyashindilia, akashona. Mimi nilikuwa upande wa kichwa, nikidondosha dawa kwenye kitambaa, nikaona midomo ya mtoto inageuka zambarau.

"Bwana Daktari, hapumui."

"Atapumua."

"Matumbo yanambana, Bwana. Fungua."

Msaidizi mwingine yeyote angenyamaza. Daktari alinitazama, kisha akazikata nyuzi. Mtoto akavuta pumzi, na matumbo yakatoka tena. Siku hizo hatukuwa na njia nyingine. Tuliyafunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukangoja tumbo likue.

Vitambaa nilivibadilisha mwenyewe. Dada hakuniuliza kama mtoto atapona. Aliuliza tu kama nimeona jinsi anavyojaribu kunyonya. Nilijibu kwamba nimeona. Kisha homa ikaja, matumbo yakawa meusi, na mtoto akafa asubuhi, askari wakiwa kwenye gwaride uani. Nilivua koti nikalitundika. Baadaye nikalivaa tena, kwa kuwa sikuwa na la kufanya bila koti.

"Mama yuko njiani, anakuja kumwosha," dada alisema. "Asimkute hivi. Mfunge."

"Amekwisha kufa, dada."

"Najua. Nimekuomba umfunge."

Nilichemsha sindano kama nilivyofundishwa, ingawa haikuwa na maana tena. Safari hii matumbo yaliingia. Niliyasukuma polepole, nikazivuta kingo zikakutana, wala sikuwa na haja ya kutazama midomo. Nilishona mishono midogo, iliyolingana, kutoka juu hadi chini. Daktari alipita, akainama, akasema ni kazi safi. Ilikuwa kazi safi. Katika miaka yangu yote ya utabibu sijaona tumbo lililofungwa vizuri kuliko lile.

Mama alipofika alimwosha mjukuu wake. Alipitisha kidole juu ya mshono, akauliza ni nani aliyeshona.

Nikamwambia ni mimi.