Nilivyomwomba Jirani Msamaha wa Chuki Asiyoijua

Kosa nililolifanya mwaka ule, ambalo watu wa kwangu hunikumbusha kila nikianza kujiona mtakatifu, ni hili: nilikwenda kumwomba msamaha mtu ambaye hakujua kama nimemkosea.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikarudi nyumbani karibu na ziwa kungoja kazi, na kazi nayo ikaningoja hukohuko ilikokuwa. Sikujali sana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwenda Homa Bay kununua chumvi nilikuhesabu kuwa safari. Kitu nilichokifanya kwa bidii ni kuomba. Kila asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, nilipiga magoti kwenye mkeka nikaukagua moyo wangu kama mtu anayechambua maharagwe, nikitoa mawe.

Jiwe nililolikuta kila siku lilikuwa jirani yangu, mama mjane wa rika la mama yangu. Boma lake na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa tu, na kila asubuhi alinipitishia kibuyu cha uji juu ya ua huo. Lakini wakati wa kupalilia alikuwa amesema kisimani, mbele ya watu, kwamba mimi naweza kumaliza kitabu kizima ila tuta moja la njugu linanishinda. Watu wakacheka. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, ndiyo maana sikuweza kuyasamehe.

Ndugu waliookoka, waliokuja kwa baiskeli kutoka Migori kutufundisha, walisema moyo hausafiki kwa magoti peke yake: mwendee uliyemchukia, umwambie. Nikavaa shati la Jumapili, nikaenda. Nilimkuta akianika fulu, vile visamaki vidogo, juu ya mwamba.

“Mama, nimekuja kutubu.”

“Umeiba nini?”

“Sijaiba. Nimekuchukia.”

Hakuinua kichwa. “Tangu lini?”

“Tangu kupalilia.”

“Na uji wangu ulikuwa unakunywa?”

“Nilikuwa nakunywa.”

“Wote?”

“Wote, mama.”

Akaendelea kugeuza samaki.

Nilirudi mwepesi kama karatasi. Jumapili nikashuhudia kanisani, ndugu wakaniimbia. Jumatatu kibuyu hakikuja. Jumanne vilevile. Nikimsalimu, aliitika kama karani wa chifu.

Sasa nikipiga magoti sikuiona tena chuki yangu. Niliuona uso wake umewainamia wale samaki. Nilikuwa nimetua mzigo wangu kichwani kwake, nikaenda zangu nikiimba. Nikajaribu kuyasikiliza maombi yangu mwenyewe: moyo wangu, dhambi zangu, amani yangu. Yeye hakuwamo, ila kama jiwe. Basi nikaanza kumtaja yeye kwanza: goti linalomuuma, paa linalovuja, upweke wake tangu afiwe. Nilifanya hivyo majuma mawili hivi. Maombi ya namna hiyo hayana utamu mwingi, na hakuna anayekuimbia. Lakini ndiyo yaliyonifundisha kwamba huyu mama, nje ya nyumba yetu, ndiye mtu pekee aliyejua kama nimeamka au sijaamka, na nilikuwa karibu kumpoteza kwa ajili ya usafi wangu.

Nikaenda tena, safari hii bila shati la Jumapili. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nikaketi, nikachukua hindi moja, nikapukuchua nami, polepole kama kawaida yangu.

“Mama,” nikasema, “siku ile nilikuja kwa ajili yangu mwenyewe. Wewe sikukufikiria. Hilo ndilo kosa langu, si lile lingine.”

Alitupa gunzi tupu kando, akachukua hindi jingine.

“Nyathina, mwanangu, siku nyingine ukinichukia, mwambie Mungu hukohuko ndani, mmalizane. Ukitoka nje, nisalimie tu kama mtu. Sasa sogea, mahindi yangu yanataka jua.”