Sanda ya Bebe Ilikwenda Shule

Kuna msimu mmoja wa baridi ambao sanda ya mama mkwe wangu ilikuwa inakwenda shule.

Asubuhi inatoka, inavuka barabara, inakaa darasani, mchana inarudi na madoa ya wino.

Na mwenyewe alikuwa hai. Amekaa kitandani anavuta tasbihi.

Aliyeikata ni mimi.

Naitwa Sughra, ni mjane. Tunaishi Faisalabad, mtaa wa mashine za kufuma. Mwaka ule umeme ulipanda bei mpaka wenye mashine wakaanza kuzizima, leo huyu, kesho yule. Mimi nilikuwa nakata nyuzi kwenye foronya za kiwandani, nalipwa kwa dazeni. Dazeni zikapungua. Wiki nyingine hazikuja kabisa.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, binti yangu Anmol wa darasa la tisa, na mama wa marehemu mume wangu, Barkat Bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bebe. Macho yake yalishaingia ukungu, lakini ulimi ulikuwa mzima. Dengu zikiungua ananiuliza kama nina ugomvi na sufuria.

Kwenye nguo ndiko nilikobana hasa.

Sweta la Anmol nililifumua, nikaliongeza mikono kwa uzi wa soksi za baba yake. Gauni la sare nilishusha pindo mara mbili, mpaka pindo likaisha. Makoti tulichagua mitumbani.

Lakini sare ya wasichana ina suruali pana nyeupe na mtandio mweupe. Mitumba inatoka kwa Wazungu. Pekua robota zima, utapata koti la theluji, utapata hata gauni la harusi. Suruali ile hutaipata.

Ya Anmol ilikuwa imetatuka magoti. Mtandio umekuwa rangi ya chai.

Shuleni wakamrudisha nyumbani mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu mwalimu mkuu akamwambia asipokuja Jumatatu na sare kamili, jina lake halipelekwi kwenye mtihani wa bodi.

Nilijua maana yake. Mwaka huo nyumba tatu za jirani zilishawatoa mabinti shule, wamekaa na mama zao wanakata nyuzi. Shemeji yangu alipita akaniambia, "Mkasi wa pili si unao? Mtoto unamhangaisha wa nini?"

Nikabisha hodi kwa kila mwenye binti mkubwa, naomba hata kitambaa cha zamani. Kila mtandio ulishapata kichwa.

Sasa, sanda.

Kwetu sanda ya mwanamke hutoka kwa ndugu zake wa kuzaliwa. Ya Bebe aliletewa na kaka yake alipotoka Umra, imechovywa kwenye maji ya Zamzam. Vipande vitano vya pamba nzito nyeupe, vimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, chini kabisa ya sanduku la bati. Kaka mwenyewe alishafariki. Kila Alhamisi Bebe huniambia nimtolee furushi, analiweka mapajani, anaingiza mkono, anapapasa, kisha narudisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Hiyo na shali ya sufu aliyoachiwa na mumewe.

Ijumaa mchana Anmol akampeleka Bebe kwenye khitma ya jirani.

Nikafungua sanduku.

Nikatoa vipande viwili, vile vikubwa. Nikashika mkasi, mdomo wenyewe ukasema Bismillah, maana ndivyo nisemavyo kila nikikata kitu.

Mkono ukasimama. Bismillah ya kuiba.

Nilikaa hapo sijui muda gani. Kisha nikakata.

Ili furushi lisipungue unene, nikaingiza shuka kuukuu la maua, lililofuliwa mpaka likawa kama ngozi ya kitunguu. Nikafunga fundo kama nilivyolikuta.

Jumatatu Anmol akaenda shule anang'aa. Aliponiuliza nimepata wapi, nikamwambia kuna mtu ametoa sadaka.

Alhamisi ikafika. Bebe akataka furushi lake.

Nilisimama mlangoni sipumui. Vidole vikaingia, vikaenda, vikasimama. Vikarudi nyuma.

"Sughra, kitambaa kimekuwa laini."

"Ni Zamzam, Bebe."

"Ahaa. Kumbe Zamzam inachukua miaka kumi na moja kulainisha."

Akacheka kidogo. Akafunga fundo mwenyewe.

Nikashusha pumzi. Nikajiona nimemzidi akili mama asiyeona. Nikasahau kuwa mama yule ameviringisha nyuzi viwandani miaka arobaini, na kwamba macho yake siku zote yalikuwa vidoleni.

Baada ya hapo hakuniomba tena furushi. Ufunguo wa sanduku aliuchukua, akaufunga kwenye ncha ya mtandio wake. Mimi nikaona afadhali, sitahitaji kusimama tena pale mlangoni.

Desemba ikaja na ukungu wake. Gesi ya kupikia na kuotea moto ikawa inakuja kwa saa moja tu asubuhi, na saa moja tu jioni, basi. Siku moja narudi kupeleka foronya, namkuta Bebe amejikunyata, shali haipo.

Nikauliza iko wapi.

"Nimempa mwenye shida kunizidi."

Nilikasirika, wallahi. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Kwamba hata sadaka ina akili. Kwamba anataka thawabu peke yake, na kazi ya kuuguza aniachie mimi.

Bebe akashika tasbihi yake, akaendelea kuhesabu. 

Nikaenda mitumbani nikamtafutia koti zito lenye vifungo vikubwa kama visahani. Akalipapasa, akalisukuma pembeni.

"La mwanamume hili. Tena Mzungu. Nikifa nimelivaa malaika wataniuliza kwa lugha gani?"

Anmol alicheka mpaka akakaa chini. Koti tukamfunika miguuni. Juu alibaki na blanketi langu, na mimi nililala na chadari, mtandio wangu mkubwa wa kuswalia.

Januari kifua kikamkamata. Hospitali ya serikali tulikaa foleni kutwa. Wakampa dawa ya maji, wakasema ni umri na baridi. Tukarudi naye.

Siku ya tatu nikaona anavyovuta pumzi, nikaelewa. Na nilipoelewa, jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa lile shuka la maua. Nikaona wanawake wa mtaa wamezunguka maiti, furushi linafunguliwa, na maua yanatoka.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nikachukua suruali ya Anmol iliyokuwa imekauka kambani, nikakaa kando ya kitanda, nikaanza kufumua mishono kwa wembe. Nilitaka kurudisha. Kitambaa chenye madoa ya wino, kilichokatwa mapande. Nilitaka kurudisha hivyohivyo.

Bebe macho kafumba.

"Unafumua nini?"

"Nguo ya zamani, Bebe."

Akasikiliza. Wembe nao nikausimamisha.

"Acha," akasema. "Kesho mtoto atavaa nini?"

Nilitaka kumwangukia miguuni, miguu yenyewe imefunikwa na koti la yule Mzungu. Nikasema nitamwambia baada ya Alasiri, nikiwa na udhu, nikiwa nimejipanga.

Alasiri nilipotoa salamu, alikuwa ameshakwenda.

Mwosha maiti wa mtaa wetu ni Khala, yaani Mama Mdogo, Manzuran, mama mzito, ameosha wanawake miaka thelathini. Mimi nilimwagia maji, yeye akaosha. Akafungua ufunguo kwenye ncha ya mtandio wa Bebe, akamwambia Anmol alete furushi.

Nikainamisha kichwa. Nikasema, ee Mola, aibu hii ni haki yangu.

Fundo likafunguka. Harufu ya kafuri ikatoka.

"Kimoja," akahesabu Khala Manzuran. "Viwili."

Nikainua macho. Vyeupe. Pamba nzito.

"Vitatu. Vinne. Vitano."

Akainua kitu.

"Sanda ya mwanamke ni vitano. Hiki cha sita ni cha nani?"

Kilikuwa kirefu, chembamba. Kimepindwa pande zote nne kwa mkono, mishono inapanda na kushuka kama ya mtu asiyeona anachoshona.

Halafu nikamsikia binti yangu nyuma yangu.

"Ni changu, Khala. Bebe aliniambia mkishakihesabu, niseme ni changu. Mtandio wa kubadilisha, ule mmoja ukiwa umefuliwa."

Anmol ndiye aliyemshika mkono Bebe mpaka soko la vitambaa, siku niliyopeleka foronya. Shali ikauzwa kwa muuza vitambaa, kitambaa kipya kikanunuliwa. Shuka la maua wakalijaza kwenye mto wa Bebe. Alilalia uongo wangu msimu mzima. Na alimwapisha mtoto asiniambie, kwa sababu, alisema, "mama yako akijua ataona haya, na haya haimwachi mtu ashone vizuri."

Khala Manzuran akanitazama sana. Kisha akaukunja ule mtandio, akamkabidhi Anmol, akaendelea na kazi.

Mimi nilibaki na jagi mkononi, maji yameisha.

Anmol alifanya mtihani wake. Mtandio ule wa kipande cha sita anao, hauvai. Umo kwenye sanduku la bati, na kila Alhamisi naufungua, naupapasa mishono. Msamaha nauomba kwenye kila sala, lakini aliyestahili kuusikia hasikii.

Wewe unayesoma, najua hali ni ngumu, na wengi tunageuzageuza nguo zilezile. Kama umebanwa mpaka jicho limeangukia kitu cha mtu wa nyumbani kwako, usikichukue. Mwombe.

Akikunyima, amekunyima.

Akikupa, utajua siku hiyohiyo alichojinyima, na utakuwa na muda wa kumfunika.