Bibi wa Uru

Mjukuu wangu akishaogeshwa hupakwa poda kuanzia shingoni hadi nyayoni, na harufu ile ikinifikia huwa natoka chumbani. Watoto wangu wanadhani poda inanibana kifua. Sijawahi kuwakatalia, maana maelezo yake ni marefu na mimi siku hizi maelezo marefu yananichosha. Ninyi nitawaambia. Poda ile inanirudisha Kahama, kwenye chumba cha uani cha Mama Zuhura, nikiwa na miaka tisa, nimekaa mkekani katikati ya wanawake wawili wasiosikilizana lugha.

Mama Zuhura alikuwa mke wa fundi cherehani, mtu wa Ujiji aliyemfuata mumewe huku kwetu. Alikuwa na karata. Zilikuwa karata za kawaida, kama zile walizochezea vijana wa stendi, ila zake zilikuwa zimezeeka mpaka zimelegea kama kitambaa, na picha zake zimejaa mikunjo. Ili zisigandamane alizinyunyizia poda ya watoto kila asubuhi, akazifuta moja moja kwa upindo wa kanga. Ukiingia tu chumbani kwake ulidhani kuna mtoto mchanga.

Wanawake walikwenda kwake kuangaliziwa, na wala si mambo makubwa. Mmoja alitaka kujua kama apande karanga sasa au angoje mvua ishike, mwingine kama amwambie wifi yake ukweli au anyamaze. Mama Zuhura alipanga karata tatu, akazitazama kwa muda, akasema maneno mawili matatu, halafu akauliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Hapo mtu alianza kueleza, akaeleza weee, mpaka akajijibu mwenyewe, kisha akaenda zake akiwasimulia wenzake kwamba karata za Mama Zuhura hazikosei. Padri alikuwa ameshakataza mambo ya ramli kanisani. Mama yangu alisema karata si ramli, karata ni mchezo, na hata hivyo rozari yake aliivua na kuifunga kwenye pindo la kanga kabla hatujabisha hodi.

Shida ya mama ilikuwa Kiswahili. Sisi ni Wasukuma, na kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini, Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mikutano na cha dukani. Mama alijua salamu, sabuni, chumvi na kibiriti. Mama Zuhura naye Kisukuma chake kiliishia kwenye "wabeja", yaani asante, na hata hiyo aliitamka kwa namna iliyomchekesha mama kila mara. Basi mimi niliyekuwa darasa la tatu ndiye niliyekuwa mdomo wa mama. Nilijivuna kwelikweli. Nilitafsiri haraka haraka, bila kusita, kama wakalimani niliokuwa nikiwaona kwenye mikutano ya hadhara, na nilipokosa neno nilitia la kwangu.

Baba alikuwa amekwenda machimboni, upande wa Geita. Aliaga kwa miezi mitatu, ikapita misimu miwili ya pamba. Salamu zilikuja mara moja, kwa mdomo, kwamba mzima na dhahabu bado anaitafuta. Mama alilima peke yake na sisi wadogo wanne, akaokota pamba peke yake, akaezeka upya nyumba iliyokuwa inavuja, nayo ni kazi ya mwanamume. Watu walimtania kisimani kwamba mumewe amemezwa na shimo. Alicheka pamoja nao.

Halafu, mvua zikiwa karibu, akaamua kumfuata. Baba mdogo, Masanja, alikuwa utingo wa lori lililopeleka mahindi kule, na lingeondoka Jumatatu. Mama angepanda, angemtafuta mumewe shimo kwa shimo, angerudi naye, na kama hataki kurudi, basi aambiwe hivyo usoni ajue moja. Mjomba alishampa neno: likiharibika, arudi nyumbani kwao na watoto, nafasi ipo. Lakini kwenda maana yake ni kukosa mvua za kwanza, na kukosa mvua za kwanza maana yake ni njaa. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kwa Mama Zuhura na mayai sita ndani ya kibuyu cha pumba, mama akauliza swali moja tu: niende au nisiende?

Karata ya kwanza sikumbuki. Ya tatu pia sikumbuki. Ya katikati ilikuwa bibi wa uru, yaani wa almasi nyekundu, mwanamke mwenye taji, ameshika ua.

Mama Zuhura aliitazama akavuta pumzi. Kisha akaniambia taratibu, akichagua maneno, kama mtu anayemkabidhi mtoto sufuria la moto: "Mwambie mama yako, huko aliko baba yako yupo bibi. Bibi huyo ndiye anayempikia. Hana ubaya, lakini yupo."

Mimi bibi niliyemjua alikuwa mmoja, wa kwenye kitabu cha kusoma: bibi anasimulia hadithi, bibi anatwanga. Nikaitazama ile karata. Mikunjo ilikuwa imempita mashavuni na kwenye paji la uso, akaonekana ajuza hasa. Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba baba ameangukia kwa kikongwe mmoja, mama mtu mzima kama mama yake, anampikia na kumtunza, na ni mtu mwema.

Mama alifumba macho. Mabega yake yalishuka, nakumbuka yaliposhuka. Akasema, "Kumbe ana mtu wa kumwangalia." Mama Zuhura akaniuliza amesemaje, nikamjibu, "Amefurahi." Akanitazama, akamtazama mama, akakusanya karata zake. "Basi mama yako ni mwanamke wa ajabu," alisema, na hata hilo nililitafsiri.

Jumatatu mama hakupanda lori. Alipanda mahindi. Lakini Masanja hakuondoka mikono mitupu: mama alimpa kikapu cha karanga zilizochambuliwa, na juu yake kanga aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya Krismasi na hajaivaa hata mara moja. Zawadi ya yule kikongwe. Na kwa kuwa machimboni kuna watu wa kila kabila, alitaka salamu ziende kwa Kiswahili ili zisipotee njiani. Akaniita nizitunge. Nikasimama mbele ya Masanja, mikono nyuma kama darasani, nikasema: "Mama Minza anamsalimu bibi anayempikia Baba Minza, na anamshukuru sana." Masanja alinikodolea macho. Akamwuliza mama kama hayo ndiyo maneno yake, mama akasema ndiyo, hayo hayo. Masanja akapanda lori bila kusema zaidi, maana yeye aliwaogopa wakubwa, na mama alikuwa shemeji yake mkubwa.

Mvua ile ilikuwa nzuri. Mama alipalilia akiimba, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu baba aondoke. Kisimani aliwasimulia wanawake wenzake habari za yule kikongwe wa Geita, na wengine wakatazamana, wakidhani amemzeesha mke mwenza ili kuficha aibu, wengine wakasema mama ana moyo.

Siku moja mwalimu wetu alitusomesha namna ya kuandika barua. Akaandika ubaoni, "Kwa Bwana na Bibi". Mtoto mmoja akauliza kwa nini bwana amekaa na bibi yake badala ya mke wake, darasa likacheka, mwalimu akaeleza. Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa kwenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele.

Nilikwenda nyumbani nimeazimia kusema. Nilimkuta mama shambani, ameinama, anaimba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nikachukua jembe langu nikaanza kupalilia mstari wa pili, na siku ile ikapita. Zikapita na nyingine.

Baba alirudi wakati wa mavuno. Aliteremka kwenye lori na sanduku la bati, na nyuma yake msichana mwenye mimba kubwa, pengine miaka ishirini, amejifunga ile kanga ya Krismasi. Jina lake lilikuwa Milembe. Watu walishajaa uani. Milembe alipiga magoti mbele ya mama, akasema, "Shikamoo, dada. Karanga zako nilizipata. Nililia. Nilikuwa nakuogopa sana, nikasema kumbe huyu ni mtu."

Mama alikuwa ameshika ungo. Alitazama kanga, akatazama tumbo, kisha akanitazama mimi. Baba naye, ambaye nadhani alikuwa amejiandaa njia nzima kwa ugomvi, alisema kwa sauti ya furaha mbele ya majirani wote, "Nilikuwa sijui nikuambieje. Masanja alipoleta salamu zako kwa bibi anayenipikia, nikajua umeshasikia na umeridhika."

Majirani wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Hapo mama angesema nini? Angesema hakumaanisha? Kijiji kizima kilimjua kwa zawadi ile.

"Marahaba," alisema. "Inuka, utachafua nguo." Akaingia jikoni akaongeza unga kwenye ugali.

Aliniuliza kesho yake, tukiwa wawili tunapukuchua mahindi. Hakupandisha sauti.

"Minza, bibi maana yake nini?"

Nikamweleza. Mama mzaa mama, au mzaa baba. Na pia mke.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Ulijua lini?"

Nikasema nilijua mahindi yalipofika magotini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba."

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likabaki tupu, kisha akaendelea kulisugua kwa kidole gumba, ingawa halikuwa na punje hata moja. Hakunipiga. Ningependa angenipiga, tungemaliza.

Nisidanganye kwamba ilikuwa jehanamu. Milembe alikuwa binti mwema, mwepesi wa kazi, na mtoto wake wa kwanza alilelewa mgongoni kwangu. Baba hakurudi tena machimboni. Wapo waliosema mambo yalikwenda vizuri kuliko nyumba nyingi, na kweli. Lakini mama alikuwa na siku moja katika maisha yake ya kuchagua, aende ajionee kwa macho yake na akasirike akitaka, abaki au arudi kwao, na siku hiyo mimi nilimpokonya kwa neno moja, nikijiona hodari. Hasira aliyokuwa na haki nayo ilikuja imechelewa, ikakuta nafasi yake imeshakaliwa na sifa.

Mwaka uliofuata walianzisha kisomo cha watu wazima kijijini, jioni, chini ya paa la ghala. Mama alikwenda. Baba alimcheka kwamba anataka ukarani. Alikwenda akiwa amechoka, na matope ya majaruba ya mpunga yamemkaukia miguuni, akakaa mbele, akarudia silabi na wanawake wenzake. Nyumbani alinikataza kumwambia maneno. Nikimsahihisha alinyamaza mpaka niache. Ilimchukua mwaka na nusu, labda zaidi.

Kisha Jumamosi moja akaniambia tunakwenda kwa Mama Zuhura. Hatukuwa tumekanyaga pale tangu siku ya bibi wa uru. Nilioga, nikavaa gauni la shule, nikajipanga kichwani: safari hii nitauliza kila neno mara mbili. Tulipofika mlangoni mama alivua viatu, akafunga rozari kwenye pindo la kanga, akanionyesha kigogo kilichokuwa nje, kando ya ukuta. "Wewe kaa hapo."

Nilikaa. Niliona nimefukuzwa kazi, na machozi yalinitoka. Miaka mingi nilihesabu siku ile kuwa ndiyo adhabu yangu, kwamba mama alikuwa amengoja tu apate lugha ili anilipe. Niliolewa, nikazaa, nikawa na binti wa miaka tisa ninayemtuma huku na kule, ndipo nikaelewa.

Mlango ulikuwa pazia tu, nilisikia yote. Nilimsikia Mama Zuhura akishangaa, akicheka, akimkaribisha. Nikasikia karata zikipangwa mkekani. Halafu lile swali lake, lile ambalo mimi nilikuwa nalitafsiri kila mara, na kila mara mama alikuwa akinijibu kwa habari za mbegu, za mvua, za kuku, za baba.

"Wewe mwenyewe unaonaje, Mama Minza?"

Mama akajibu mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kizito, alikipanga neno kwa neno.

"Mimi," akasema, "mimi nimechoka. Tangu zamani nimechoka."

Alikuwa na jibu hilo miaka yote. Ila lilikuwa lazima lipite kinywani mwangu, mimi mtoto wake.