Siku Madiwani Waliposimama

Kibanda changu cha chakula kiko Isaka, kinatazamana na geti la bandari kavu, na wateja wangu ni madereva wa malori na matingo wao. Nimewapikia miaka mingi, hata mtu namjua kwa anavyomega ugali. Mume wangu naye ni dereva, na tulikutana hapohapo kibandani, akiusema vibaya mchuzi wangu.

Mara ya mwisho alipakia mzigo wa Kongo. Hakuniaga vizuri, maana hajui kuaga. Alikunywa chai, akasema haina tangawizi, akapanda lori lake akaenda. Vita huko ilikuwepo siku zote, inawaka, inapoa, na madereva walishaizoea kama watu wanavyozoea mbwa mkali wa jirani. Safari hii haikupoa. Mji aliokwenda kushusha mzigo ukatekwa, mpaka wa nchi ukafungwa, na kila nikipiga simu yake naambiwa haipatikani.

Wenzake waliorudi walirudi bila malori, wengine wametembea porini, na wote walipitia kibandani kwangu kwa kuwa hapo ndipo walipozoea kula. Niliwapa chakula kwanza, ndipo nikauliza. Mmoja alikuwa ameliona lori la mume wangu kando ya barabara, limeungua. Mume wangu mwenyewe hakumwona, wala hakuona mwili. Hilo la mwili nilimrudia kumuuliza mpaka akaacha kula, akasema dada, naomba uniache.

Basi shida zangu zikahamia nyumbani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anachimba dhahabu Rwamgasa. Kule duara, yaani shimo la kuchimbia, likiporomoka na watu wakashindikana kutolewa, wenzao hungoja kidogo, halafu huweka matanga juu ya kifusi na kesho yake wanachimba pembeni. Akaja na akili zake hizo za mashimoni. Akasema tuweke matanga, mimi ninyolewe nywele kama mjane, watu wamalize huzuni waendelee na maisha. Nikamwambia Kongo si duara, na huwezi kumzika mtu kwa sababu simu yake haina chaji. Tuligombana hadi majirani wakaja kusimama mlangoni. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita mayu, alikuwa anamenya karanga kwenye ungo wala hakuinua kichwa. Mwishowe wazee wa ukoo wakaamua: tusubiri neno la serikali. Serikali ikisema amekufa, tunaanza msiba. Nikakubali, kwani nilijua serikali yetu haina haraka.

Ila kusubiri kunachosha, jamani. Sikujua mtu anaweza kuchoka hivi akiwa amekaa. Redio ilitaja Kongo kila siku, wakubwa walikutana kwenye mahoteli ya nchi mbalimbali, na huku kwetu, ambako malori yote hayo hutokea, hakuna aliyefungua mdomo. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa Wasukuma mtu akipiga mwano, yaani lile yowe la hatari, kila anayelisikia anaitikia na kutoka nje. Hata kama huna rungu, hata kama wezi wameshavuka mto na ng'ombe, unaitikia. Anayenyamaza ataulizwa mbele ya watu kwa nini alinyamaza, na ajue la kujibu.

Nikamfuata diwani wetu. Ni mtu wa hapa hapa, amekula kwangu tangu hajawa mheshimiwa. Nilimwomba baraza la madiwani litoe kauli, liwatake wanaopigana waache ili watu wetu watoke. Akacheka, si kwa ubaya. Akanieleza kwamba mambo ya nchi za nje ni ya Dodoma, na kwamba wao kazi yao ni vyoo vya shule na madaraja, navyo vinawashinda. Alisema hata wakipaza sauti, nani huko Kongo atawasikia?

"Sijakutuma ukapigane," nilimwambia. "Nimepiga mwano. Nakutaka uitikie."

Akajikuna shingo. Kisha akasema nije ukumbini siku ya kikao.

Nilifunga kibanda siku hiyo, jambo ambalo huwa silifanyi hata nikiumwa. Wananchi tunakaa nyuma kwenye viti vya plastiki na haturuhusiwi kusema kitu, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu tosha. Madiwani wakaingia na majoho yao, joto lile, wanapepea kwa makabrasha. Wakajadili dawa za zahanati, wakajadili pamba, wakagombana kuhusu greda lililoharibika mpaka nikasinzia. Diwani wetu aliposimama na hoja yake, wengi walikuwa wameshaanza kutazama upande chakula kilikoandaliwa.

Mkurugenzi akasema kanuni hazina nafasi kwa jambo hilo. Diwani mmoja wa kata ya machimboni akauliza kwa dharau kama na sisi tutapeleka mgambo wetu kulinda amani, na ukumbi ukacheka. Kisha mama mmoja wa viti maalumu, mtu mzima, akasimama taratibu akishikilia meza. Akasema yeye ana kijana anayeendesha lori la Burundi. Akasema kila mmoja humo ndani ana ndugu, au mpangaji, au mdeni barabarani, na kama kanuni hazina nafasi ya watu hao basi zitengenezewe nafasi. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akahoji, wakaitikia ndiyo kwa sauti moja, mkurugenzi naye akaandika. Halmashauri yetu, isiyoweza kutengeneza greda, ikazitaka pande zote zinazopigana Kongo zisitishe mapigano mara moja na kuwaachia raia wa Tanzania warudi makwao.

Nililia. Sikutegemea kulia, lakini nililia, nikafuta machozi kwa kanga na kumshukuru Mungu. Angalau tulikuwa tumeitikia.

Laiti mwenyekiti angeishia hapo. Lakini viongozi wetu wana mazoea yao, jambo lolote zito halifungwi mpaka watu wasimame. Akaliweka joho sawa, akasema waheshimiwa, kabla hatujaendelea, tusimame dakika moja kuwakumbuka madereva wetu. Viti vikakwaruza sakafu, wote wakasimama na kuinamisha vichwa. Na kweli walifanya kwa heshima kabisa, hata yule wa machimboni. Mwisho akamalizia kama wanavyomalizia siku zote, Mungu aziweke roho za marehemu mahali pema peponi, na ukumbi mzima ukajibu amina.

Mimi nilibaki nimekaa. Mgambo aliyekuwa mlangoni akaja kunigusa bega, akaninong'oneza kwamba inabidi nisimame. Nikamwambia mume wangu yuko hai na aondoe mkono wake. Nadhani aliniona nina wazimu.

Nilipofika nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Habari zilinitangulia kwa simu: madiwani wamesimama, mwenyekiti amesema marehemu, sasa mnataka neno gani tena la serikali? Wanawake walikuwa wanapasua kuni. Shemeji yangu alikuwa ameacha duara lake amekuja, na kwa haki niseme macho yake yalikuwa mekundu. Wifi yangu alikuwa ameandaa kiti, beseni la maji na wembe mpya.

Nilipiga lile beseni teke likafika kwenye kuni. Nikawaambia hiyo serikali yao haijui hata greda lake liko wapi, itajuaje mume wangu alipo? Niliwatukana, na sitayarudia hapa niliyosema. Shemeji akaja kunishika, nikamng'ata mkono. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka ana nguvu za ajabu.

Ni mayu aliyewaondoa. Alisema neno moja la Kisukuma kwa sauti ndogo, wakatoka wote hadi barabarani. Akanivuta tukakaa mkekani sebuleni, mikono yake imeshika yangu. Nilijiandaa kugombana naye pia.

"Mwanangu," alisema, "kila lori likipunguza mwendo pale nje, nainuka. Usiku nainuka. Miguu imeisha. Mimi siwezi tena. Niruhusu nimlie."

Nilimtazama. Miezi yote ile sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa ananingoja mimi. Mama hawezi kukaa msiba wa mwanawe wakati mke wa huyo mwana kila asubuhi anawasha moto na kwenda kupikia wateja. Alikuwa amekibana kilio chake kifuani, anamenya karanga.

Hasira zote ziliniishia. Nilibaki na uchovu mtupu. Nikamwambia turubai likae, watu waje, na nitawapikia mimi mwenyewe kwa kuwa ni wageni wangu, lakini kichwa changu asikiguse mtu.

"Wewe lia, mayu," nilimwambia. "Mimi nitamsubiri. Mmoja wetu amekosea, na namwomba Mungu aliyekosea awe wewe."

"Na mimi naomba hivyo hivyo," alisema. Kisha akajifunika kitenge kichwani, akaanza.