Panga Nilizozinyoa kwa Wembe

Mimi, fundi redio wa Kitendaguro, niliwaahidi wakwe watarajiwa kule Muleba kwamba siku ya kujitambulisha nitawapiga picha kutoka angani. Droni nilikuwa nimeiunda mwenyewe. Panga zake za bei rahisi zilikuwa zinatetemeka, kwa hiyo nikazifungua, nikazinyoa kwa wembe hadi zikalingana uzito, nikazirudisha. Mshenga wangu aliposhauri tuijaribu kwanza, nikamjibu kwamba fundi hajaribu, anafanya.

Ukweni walikuwa wametandaza nyasi uani kwa heshima yetu wageni. Nikaiweka droni katikati, nikahutubia kidogo kuhusu sayansi, nikawasha. Haikupaa. Panga za kulia nilikuwa nimezifunga kushoto na za kushoto kulia, kwa hiyo upepo ulikwenda juu badala ya chini. Droni iling'ang'ania ardhi huku ikimrushia baba mkwe nyasi kichwani.

“Inapima upepo kwanza,” nikasema kwa sauti ya profesa.

Mama mkwe alizitazama nyasi zinavyoruka, akaingia ndani, akatoka na ungo wa maharage ambayo hayajapepetwa. Akauweka mbele yangu, akaniambia kwa heshima ya Kihaya:

“Waitu mwanangu, usiizime.”