Bi Lavonne na Dadu za Mzee Orval

Jamani, Bi Lavonne kasafishwa! Jina jeupeee, mbele ya watu, na aliyemsafisha ni yuleyule aliyempaka matope!

Iko hivi. Bi Lavonne Hruska alikuwa dereva wa basi la shule, kastaafu, na kila uchaguzi anasimamia kituo cha kura kwenye jengo la zimamoto, huku kwetu kaskazini mwa Kalifornia. Safari hii, kwenye kinyang'anyiro cha usherifu, yaani ukuu wa polisi wa kaunti, mgombea aliyeshabikiwa na jirani yake, mzee Orval, akaanguka kwa kura kiduchu. Orval akaanza mgahawani, "Masanduku alibaki nayo nani? Si Lavonne!" Basi, kanisani watu wakawa wanamhama benchi. Mashosti wake wa karata kila wiki wana mafua.

Sasa, sheria ya jimbo inataka ukaguzi kila baada ya uchaguzi. Vituo vichache vinachaguliwa kwa kurusha dadu hadharani, halafu kura zake zinahesabiwa kwa mkono, zinalinganishwa na mashine.

"Dadu zimechezewa hizo!" Orval akadakia siku ya ukaguzi, ukumbi umejaa watu.

"Rusha wewe basi, babu. Na uzipulizie kabisa," akasema Lavonne.

Orval akazigeuza, akazinusa (kweli tena!), akarusha. Kikatoka kituo cha zimamoto! Lavonne akaanza kuwaza. Je, mashine ikiwa imekosea, nani atamwamini? Na huyu mzee anatabasamia nini?

Karatasi zikahesabiwa mojamoja, Orval kanyoosha shingo kama bata mzinga. Mwishowe, mgombea wa Orval kapata kura moja zaidi ya hesabu ya mashine.

"Si niliwaambia? Mwizi huyo!"

"Rudieni kuhesabu," Lavonne akasema. Wakarudia, wakaipata karatasi yenyewe. Mpiga kura hakujaza kiduara pembeni ya jina, kalizungushia jina lote kwa kalamu ya kijani. Mashine ikairuka kura hiyo.

"Nani huyu asiyejua hata kujaza kiduara?" karani wa uchaguzi akauliza.

Orval akaangalia buti zake. "Jina si lilikuwa linasomeka?"

"Wee mzee! Kura ni siri!"

Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Haya, hakuiba," Orval akanung'unika. "Ila mashine yenu ina macho mabovu."

"Kaseme mgahawani," Lavonne akamwambia. "Kwa sauti ileile."

Akaenda, akasema, masikio mekundu. Mshindi wa usherifu alibaki yuleyule, lakini Jumapili benchi la Lavonne lilijaa.

Una jirani anayedai kura ziliibwa? Mtumie hii, tafadhali.