Mahali Mama Aliponizalia

Kwa siku nne nilimfundisha mama yangu kusema uongo. Tulikaa barazani tunachambua maharage, yeye na ungo wake, mimi na wangu, na kila baada ya kitambo namtupia swali kwa sauti ya kiofisa: bibi, huyu binti yako ulimzalia wapi? Jibu lilikuwa fupi tu: nilimzalia hapa hapa Heru Juu, nyumbani kwa mume wangu. Siku ya kwanza alikataa katakata. Siku ya pili alisema nusu akaishia kucheka. Siku ya tatu alininunia kutwa nzima. Siku ya nne aliyasema yote, taratibu, macho hayatoki kwenye maharage, nikashukuru nikidhani kazi imekwisha.

Ukweli ni kwamba nilizaliwa ng'ambo, Burundi, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Zamani kwetu Waha, na kwao Warundi vilevile, mtoto wa kwanza alizaliwa kwa wazazi wa mwanamke. Uzazi ukikaribia, mke anarudi kwao akajifungulie mikononi mwa mama yake, halafu ukweni wanakuja na pombe ya ndizi kumchukua yeye na mtoto. Asiyerudi kwao kwa uzazi wa kwanza alisemwa vibaya: ametoroshwa huyo, hajatolewa mahari, kwao hawamtaki. Basi mama akatembea na tumbo lake siku mbili, akalala Muyama kwa shangazi wa baba, akavuka, akanizaa. Nilipotimiza miezi mitatu akarudi nami mgongoni. Sasa nina miaka hamsini na minane, na miezi mitatu ile ndiyo imenila.

Nilikuwa natafuta kitambulisho cha taifa. Kijiji kilianza kupima mashamba ili kila mtu apewe hati ya kimila, na aliyekuja kutuelimisha alisema wazi: bila kitambulisho huandikwi, na asiye raia hamiliki ardhi. Baba aliniachia shamba mimi, kwa mdomo, mbele ya ukoo, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Kuna kahawa, migomba, nyumba ya matofali niliyoijenga na marehemu mume wangu, na nyuma ya nyumba kuna makaburi mawili, la baba na la mume huyo. Sina pengine. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na mama nilimweleza hivyo hivyo, tena kwa Kiha, asije akasema hakuelewa.

Miaka yote hiyo niliishije bila kitambulisho? Niliishi kama wengi wanavyoishi huku, kwa kujulikana. Ninauza maharage, nanunua vijijini na kupeleka sokoni Kasulu, nikijaliwa hadi Kibondo. Lakini mambo yalianza kubana. Safari moja natoka Kibondo, kwenye kizuizi askari akapanda kwenye basi, akatusalimia, mimi nikaitikia. Akasimama. Akaniambia, "Mama, wewe shuka. Wewe ni mkimbizi wa Burundi, wa kambini Nduta." Kisa namna nilivyotamka marahaba. Nikamwambia mimi ni Muha. Akajibu kwamba wote husema hivyo. Kusema kweli sikuweza kumlaumu sana, maana Muha na Mrundi wakiongea gizani hata mimi sijui nani ni nani. Nilikaa pembeni ya barabara na gunia langu hadi alasiri, mpaka alipopita mwalimu mmoja mteja wangu, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku, akanidhamini. Mchaga anamthibitisha Muha kwamba ni wa Kigoma. Nilicheka njia nzima, kicheko cha hasira.

Nina mdogo wangu mmoja, wa kiume, basi. Yeye alizaliwa hapa Heru Juu, kwa kuwa wa pili hana masharti, na cheti anacho. Alikuwa dereva wa magari ya misaada, akampenda binti wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, wakaoana. Familia ya binti ikapelekwa Marekani, baadaye mkewe akamvuta. Wanaishi kwenye mji wa baridi, anafanya kazi kwenye ghala la nyama. Watoto wao wanaongea Kiingereza, na wakinisalimia kwa Kiswahili wanakiongea cha Kongo, "shangazi, uko bien?", yaani u mzima, na mimi nafurahi hata hivyo.

Mwezi mmoja kabla ya safari yetu ya ofisini alinitumia video. Yuko kwenye ukumbi mkubwa na watu wa kila rangi, wameinua mkono wa kulia, wanakula kiapo. Kisha wakapewa vibendera vidogo. Alikuwa amevaa suti, na alikuwa analia. Nikampigia.

"Kwa hiyo wewe si Mtanzania tena?"

"Dada, ni karatasi tu. Nilikuwa naogopa. Huku siku hizi wanakamata watu, mtu anaenda kazini harudi. Juzi kituo cha mafuta mzee mmoja ameniambia nirudi kwetu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Kwetu wapi sasa?"

Nilitaka kumhurumia lakini hasira ilitangulia. Nikamwambia yeye ameapa akapewa nchi na bendera juu, mimi sijaapa popote na nanyang'anywa hii niliyo nayo. Hata redioni wanaeleza kwamba Ulaya na Marekani watu wamechachamaa, kila mmoja na taifa lake, wageni watoke, na wachambuzi wanazungumza kana kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Huwa naizima. Waje wakae na mimi kizuizini.

Siku ya ofisi ilifika. Mama alijipamba kupita kiasi, kitenge kipya, kilemba, viatu vya kanisani. Nilipaswa kushtuka hapo. Tulipanda bodaboda mbili hadi Kasulu mjini, na mwenyekiti wa kitongoji akatukuta huko na barua yake yenye muhuri. Mpango ulikuwa rahisi. Aliyezaliwa kijijini, inatosha barua ya kijiji na ushuhuda wa mzazi. Mwenyekiti, ambaye alijua kila kitu kama kijiji kizima kilivyojua, aliniambia nisiwe na wasiwasi.

Afisa alikuwa kijana wa Pwani, mpole. Alisimama kumpisha mama kiti, akamwamkia shikamoo bibi kwa heshima zote. Niliona mama anavyolainika. Akaulizwa jina, la mume, la baba wa mume. Akajibu vizuri. Kitambulisho chake mwenyewe anacho siku nyingi. Aliandikishwa kama mke wa mwenyeji enzi ambazo maswali hayakuwa mengi. Kisha afisa, bila ubaya wowote, akauliza swali lililokuwa kwenye fomu yake: "Bibi, ndoa yenu mlifunga wapi? Kuna cheti?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Cheti hakipo. Mama aliniangalia, akamwangalia mwenyekiti, na nikaona ameelewa kwamba anaulizwa kama aliolewa kweli au aliokotwa njiani. Akajinyoosha kwenye kiti.

"Mimi nilitolewa mahari," akasema. "Ng'ombe walivuka, watu wakaona. Na huyu sikumzalia vichakani wala kwa mume. Nilirudi kwetu, nikazalia kwa mama yangu, ng'ambo kule, na wakwe zangu wakaja kunichukua na pombe. Muulize mtu yeyote. Huyu ni mtoto wa ndoa."

Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chote nilichowahi kumsikia nacho. Kisha akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyekuokoa.

Afisa hakuandika mara moja. Nadhani alinionea huruma. Akamuuliza tena, kwa upole, kama ana uhakika, na mimi nikamkanyaga mama mguu chini ya meza. Mama akasema, "Unanikanyaga wewe." Mwenyekiti akainamia barua yake. Barua inasema nimezaliwa Heru Juu, na mama yangu mzazi amesema hapana, mbele ya watu watatu. Afisa akaandika.

Alinieleza vizuri, nampa haki yake. Kwa kuwa nimezaliwa nje, njia iliyobaki ni kupitia baba: nilete cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa yao, na karatasi ya huko nilikozaliwa. Baba alizaliwa enzi za mkoloni chini ya mgomba, cheti atakitoa wapi. Nikamwambia hayo. Akasema anaelewa, lakini kwa maelezo yaliyopo jalada langu linahamia kwenye wageni.

Nje, kwenye ngazi, nilimsemesha mama maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ameniuza kwa ajili ya sifa za uchumba wa miaka sitini iliyopita. Nilimwambia hakuna aliyejali ng'ombe wake. Watu walikuwa wanapita. Alisimama na viatu vyake vya kanisani, akasema kwa Kiha, kwa sauti ya chini: "Ulitaka niseme nilikuwa malaya?" Nikamwacha hapo nikaenda kutafuta bodaboda.

Nilijaribu ng'ambo pia. Nilivuka siku ya gulio, nikafika mpaka kwenye kijiji cha bibi, nikatafuta ofisi yao. Karani alifungua daftari zilizopo, za miaka ile hazikuwepo, zilipotea kwenye vita. Ndugu wa mama walikwishakimbia, wengine kambini, wengine hawajulikani waliko. Nilimwomba basi aandike lolote. Akanisikiliza Kirundi changu akatabasamu, akasema, "Mama, wewe ni Mtanzania, unasikika kabisa." Nilitamani kumkaba. Nilirudi Heru Juu usiku na mchana vikiwa sawa kwangu. Nikalala siku mbili bila kula, na mama ananisogezea uji mlangoni bila kusema kitu.

Mdogo wangu, ingawa nilimwona akiapa, nilimwambia aje asimame badala yangu, shamba liandikwe kwa jina lake. Akasema, "Dada, mimi siruhusiwi tena. Niliapa." Tukabaki na simu masikioni, watoto wawili wa baba mmoja, shamba moja, hakuna anayeweza kuandikwa. Sikuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha, maana hasira ndiyo iliyokuwa imenisimamisha.

Kamati ilipofika kupima, shamba letu liliandikwa jina la mama. Mwenyekiti alinivuta pembeni akasema kwa sasa hivyo hivyo, mengine yatajulikana baadaye. Baadaye ipi, mama ana miaka themanini na kitu. Sikumuuliza, maana mke wake naye ni wa ng'ambo.

Ikabaki suala la mimi mwenyewe kuishi. Niliambiwa nijaze fomu ya kibali cha muda wakati jalada likiendelea, na mgeni anatakiwa awe na mwenyeji, raia, anayekubali kukaa naye. Tulirudi Kasulu, mimi na mama. Afisa alikuwa mwingine. Kwenye nafasi ya uraia niliandika Mrundi, herufi sita, karani akinionyesha mstari. Kwenye nafasi ya mwenyeji likaandikwa jina la mama. Mwanamke aliyezaliwa ng'ambo, akakulia ng'ambo, akavuka akiwa msichana mkubwa, akaweka dole gumba kukubali kunikaribisha nchini, mimi niliyevuka nikiwa sijaota jino.

Akafuta wino kwenye kitenge. Akauliza amesaini nini. Nikamwambia amekubali kuwa mimi ni wake. Akasema hilo angelikubali bila kuulizwa, na akataka tununue sukari tukiwa mjini.

Karani alinirudishia nakala na kunieleza kwamba kibali kinamfuata mwenyeji. Mwenyeji akiondoka au akifariki, nirudi haraka kuripoti na mwingine. Sina mwingine. Siku hizi mama analala chumba cha pili, ukuta mmoja na changu. Kila alfajiri nasikiliza kwanza kama anakohoa. Akichelewa kutoka nagonga, na akiitika kwa hasira kwamba namsumbua, nakaa chini hapo hapo mlangoni. Namwambia nilidhani anaumwa. Naona aibu kuliandika hili, lakini sijui tena kifo chake nakiogopa kwa ajili yake au kwa ajili yangu.